Mpangaji wa Chini ya Mtulinga

Nakijwa Mmbaga wa Mamba Miamba hakulia alipozikwa mumewe, na kwa sababu hiyo bintiye aliishtaki Taasisi.

Wapare wana jina lao katika nchi hii. Husemwa kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili afungue kesi ya kuku, na wenyewe wakiusikia utani huo hucheka, kisha huuliza kuku alikuwa wa nani. Kwa hiyo malalamiko ya Elieskia yalipofika ofisini kwetu Same, wenzangu waliyasoma kwa sauti wakishika mbavu. Mtu anashtaki eti mama yake ana amani! Wakanikabidhi mimi. Walisema Msambaa na Mpare ni majirani wa milima, tutasikilizana. Sababu yenyewe hawakuitaja, lakini kila mtu aliijua: chini ya mtulinga wangu wa kushoto nami nilikuwa na mpangaji.

Taasisi yetu ya tiba ilikiita kifaa hicho Kidhibiti. Jina la mpangaji tulilitoa sisi wanawake, maana anakaa ndani yako, anakula humo humo, na siku akihama nyumba nayo haichelewi kuanguka. Ukubwa wake ni wa punje ya harage. Kila alfajiri huonja damu, hutoa tone la dawa ya kuzuia homoni, ile inayoinyima saratani ya matiti chakula chake, kisha huuliza kwa sauti ndogo ndani ya sikio: Umeamkaje? Nawe unajibu. Saratani yangu ilikuwa imeshaingia kwenye uti wa mgongo nilipowekewa, na madaktari walikuwa wameanza kuzungumza nami kwa upole ule wa kutisha. Miaka ikapita, nikawa bado napanda milima kwa pikipiki. Mwaka jana tu nilimzika mama yangu mzazi, nikasimamia msiba mwanzo hadi mwisho, watu wakanisifu kwa ujasiri. Sikuwa mtu wa kusikiliza maneno mabaya juu ya mpangaji.

Nilipanda Mamba asubuhi, pikipiki ya umeme ikinung'unika kwenye kona. Mashamba ya tangawizi yalikuwa ya kijani pande zote mbili, isipokuwa moja bondeni ambalo majani yake yalikuwa yamekunjamana kwa kiu. Nikajiuliza ni mzembe gani anaacha shamba life katikati ya maji yote yale. Mbele kidogo nikamkuta Elieskia amesimama langoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba."

"Wewe ndiye wa Taasisi? Mimi niliomba wakili wao."

"Wamekuletea mgonjwa mwenzake mama."

Alinitazama kifuani, akaliona kovu dogo pembeni ya ukosi wa blauzi, na mikono ikashuka kiunoni. "Basi karibu, dada," alisema. "Lakini kesi iko pale pale."

Mama yake alikuwa barazani, akichambua tangawizi na kuzipanga kwenye ungo. Mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyelima maisha yake yote. Nilimwamkia, akaitika kwa sauti laini, akaniuliza habari za Same.

"Nzuri, mama, ila joto linatuua."

"Poleni."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

Nikangoja. Kwetu hakuna mtu anayeanza na habari mbaya. Mwulize aliyeunguliwa nyumba jana, atakujibu salama, atavuta pumzi, ndipo aseme: ila nyumba imeungua. Salama ni heshima ya mlangoni. Ukitaka kumjua mtu, ngoja ila yake. Nikangoja ya Nakijwa mpaka ungo ukajaa. Haikuja.

"Nimesikia mlipata msiba," nikamsaidia.

"Ndiyo, Baba Elieskia ametangulia. Tunamshukuru Mungu." Akageuza kipande cha tangawizi, akakikwangua udongo kwa ukucha. Machozi yakaanza kumtiririka mashavuni, yote mawili kwa pamoja, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Akajifuta kwa pindo la khanga. "Moshi huu," akasema.

Niligeuka kutazama jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa, na majivu yamezolewa.

Elieskia alinivuta pembeni ya nyumba. Alizungumza haraka, kama anayeogopa nitaondoka kabla hajamaliza. "Lile shamba lililokauka bondeni umeliona? Ni letu. Ndiva yetu iko pale juu." Alinionyesha kwa kidevu bwawa la jamii lililojengwa na mababu zao, linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, kila familia kwa zamu yake. "Mama yangu alimpeleka Kadeghe baraza la kata mara tatu kwa ajili ya zamu ya maji. Mara tatu, dada! Baba alikuwa akimwambia, wewe mwanamke utazikwa na jalada la kesi. Sasa tangu msiba Kadeghe anafungulia shambani kwake siku yetu, mchana kweupe, na mama anasema maji ni ya Mungu. Huyo si mama yangu. Mnamwachaje mtu hai, halafu mnamchukua?"

"Uzee huja na utulivu," nilimwambia.

"Kwa Mpare?" alisema, wala hakucheka.

* * *

Kuna tone la pili ambalo mpangaji hutoa, na ni lazima niseme lilitoka wapi. Dawa ya kuzuia homoni huleta joto la ghafla usiku, unaamka umelowa jasho kama uliyenyeshewa, na wanawake wengi wa zamani waliacha vidonge kwa kukosa usingizi tu. Kwa hiyo waundaji walimpa mpangaji dawa kidogo ya kumtuliza mgonjwa wakati joto linapopanda. Waliiita huduma ya utulivu. Kwenye kisomaji, kile kifaa cha mkononi tunachotembea nacho sisi wafuatiliaji, kila tone la utulivu huonekana kama nukta ya kijani.

Nilimwomba Nakijwa ruhusa, nikaweka kisomaji chini ya mtulinga wake. Kioo kilikuwa kitupu. Elieskia akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nimeliuza shamba la bondeni. Nimemuuzia Kadeghe."

Alikuwa anadanganya, tulikuwa tumepatana. Lakini hata mimi niliyejua nilirudi nyuma, maana niliona kitu kikipanda katika uso wa yule mama. Pua zilitanuka. Midomo ikafunguka kwa ile pumzi inayotangulia tusi zito. Nukta ya kijani ikawaka. Midomo ikafungika taratibu.

"Mmeshauriana vizuri?" aliuliza.

"Na ng'ombe wa baba nimemchinja."

Nukta.

"Mngemwalika na mchungaji," alisema Nakijwa.

Sasa Elieskia alisahau mapatano yetu. Alimshika mama yake magoti, akamtikisa. "Mama, baba amekufa. Hayupo! Amekufa, mama, na wewe hujamlilia!" Nukta ziliwaka moja juu ya nyingine mpaka kioo chote kikawa kijani, na Nakijwa akanyoosha mkono akampapasa bintiye kichwani, kwa mapenzi kabisa, huku machozi yakimdondoka kwenye ungo.

"Usilie, mwanangu. Tuko salama."

Nilisimama. Nilikuwa na hasira ambayo sikumbuki kuwa nayo miaka mingi. Nilitaka kushuka Same wakati ule ule nikapindue meza za watu. Wakati huo nilikuwa nimekishusha kisomaji, kimeegemea kifuani kwangu. Nikasikia ubaridi nyuma ya shingo, ubaridi mtamu wa maji ya mtungi. Kisomaji kikalia mara moja. Nilikitazama. Nukta ya kijani ilikuwa katikati ya kioo, na nikafikiri kwamba hiyo ni rangi nzuri.

* * *

Dakta Ngimbudzi ndiye aliyenipandikizia mpangaji kwa mikono yake, na nilimpenda kama dada. Nilimpigia nikiwa nimekaa kwenye jiwe juu ya ndiva, penye mtandao. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Hatukumfundisha hilo," alisema mwishowe. "Amejifunza. Tulimwambia jambo moja tu, mgonjwa asiache dawa. Akaangalia ni akina nani wanaoacha. Waliofiwa huacha. Wanaogombana na watu huacha. Wanaokaa asubuhi wakafikiri sana, hao ndio huacha kuliko wote. Sasa huwahi mapema."

"Mnajua."

"Tumejua tangu masika."

"Na mkanyamaza?"

"Mwantumu, ulikuwa mfuatiliaji enzi za vidonge. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilizunguka milima hii na begi la vidonge nikiwauliza wanawake kwa nini wameacha, na kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alikuwa mshonaji, vifundo vya vidole vikamkakamaa mpaka hawezi kushika sindano. Mwingine mumewe alihama kitanda akidai analala na tanuri. Wengine walijisikia wazima, wakaona dawa ya nini. Wengine waliombewa, wakaona kumeza ni kukosa imani. Kulikuwa na mama mmoja wa Kihurio aliyekuwa akivificha kwenye mtungi wa chumvi. Aliniambia: "Kila asubuhi hiki kidonge kinaniambia, wewe ni mgonjwa. Siku nisipokimeza mimi ni mtu tu, kama wenzangu." Kabla ya mavuno tulimzika.

Hata walioendelea hawakuendelea kwa sababu zetu. Sisi tuliwapa vipeperushi. Mmoja aliendelea ili amwone mjukuu akivaa sare ya sekondari. Mwingine, wa Gonja, alimeza kila siku bila kukosa kwa kuwa mke mwenzake alikuwa ameshaanza kupima mapazia ya chumba chake.

"Nusu yao walikufa wakiwa na dawa ndani ya nyumba," alisema Dakta. "Nusu! Leo wanaishi. Huyo mama wa Mamba ana saratani kwenye nyonga na mbavu, na anachambua tangawizi. Unataka nini, afe akiwa na ghadhabu zake?"

"Zima utulivu peke yake."

"Hazitengani. Bomba ni moja."

"Basi nitamlaza mpangaji wote. Kanuni inaniruhusu mapumziko ya siku mbili nikishuku hitilafu."

Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Usifanye hivyo! Akilala siku mbili huenda asiamke tena, na tukimtoa hatuwezi kumrudishia mwingine, mwili utamkataa. Na saratani ile imelala usingizi wa paka. Utamuua mtu kwa kutaka kumuuliza swali."

"Na nisipomlaza nitamuuliza nani kama anataka kuendelea naye? Akinijibu naendelea, aliyejibu ni nani, Dakta?"

Nilikuwa na mengine ya kumwambia, makali, yalikuwa yamejipanga ulimini. Ubaridi ukapita shingoni. Nikabaki nimeshika simu, nikitazama upepo ukikunja uso wa maji, na nikaona kwamba maji ya ndiva ni mazuri sana.

"Naona umetulia," alisema Dakta Ngimbudzi kwa upole. "Vizuri. Rudi nyumbani."

Hasira ilinikimbia, lakini kanuni haikukimbia. Nilikuwa naijua kwa moyo, na kuitumia hakuhitaji hasira. Niliteremka kwa Nakijwa.

"Mama, naomba kumlaza mpangaji wako mpaka kesho kutwa."

"Sawa."

"Utaumwa. Huenda ukafa mapema kuliko ilivyopangwa."

"Sawa, mwanangu."

"Na tukiacha kama ilivyo?"

"Sawa."

Ningemwomba macho yake angenipa. Nilimgeukia Elieskia, nikitumaini yule mshitaki wa asubuhi atanibebea mzigo, nikamkuta ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili. "Akifa?" aliniuliza. "Nimeshtaki, dada, na sasa naogopa hukumu." Alimtazama mama yake aliyekuwa akitabasamu bure. Akatazama chini, kule shamba lao lilikokuwa likikauka. "Mlaze," alisema.

Nilimwambia neno moja zaidi, kwa kunong'ona, kwa haraka, kama mtu anayepitisha kitu mbele ya mlinzi. "Mama akiamka, niulizeni na mimi. Kisomaji kitakuwa mkobani, wangu naye alazwe. Nikikataa, msinisikilize."

Aliitikia kwa kichwa. Nikabonyeza kitufe cha kisomaji.

* * *

Jioni hakuna kilichotokea. Tulikula makande, Nakijwa akasema chumvi imepungua, na Elieskia akanitazama kwa macho makubwa, maana ilikuwa miezi tangu mama yake alipokosoa chakula.

Kulipopambazuka nikasikia kilio. Kilikuwa kile kilio cha mtu aliyeletewa maiti mlangoni, kinachoanzia tumboni na hakina maneno. Nakijwa alikuwa uani, amekaa chini, khanga imemwanguka, anamwita mumewe kwa jina lake la ujana ambalo hata bintiye hakulijua. Majirani walikuja mbio wakidhani kuna kifo kipya. Walipoelewa, hakuna aliyeuliza kitu. Wanawake wakaketi wakamzunguka, wakaanza kulia naye upya, na mzee mmoja akavua kofia. Elieskia alilala kifuani mwa mama yake wakalia pamoja mpaka jua likatoka.

Ndipo Nakijwa alipoinua kichwa. Alikuwa amesikia maji. Yalikuwa yanapita kwenye mfereji wa juu, yakielekea kusikokuwa kwake.

"Leo zamu ya nani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

"Yetu, mama."

Alisimama kwa kushika bega la bintiye. Nyonga zilikuwa zinamuuma, uliona kila hatua ikimchoma, lakini alichukua jembe na kupanda, na sisi wote nyuma yake kama maandamano. Kadeghe alikuwa kwenye lango la ndiva, suruali imekunjwa. Alipomwona alishika ukingo.

"Kadeghe! Mwizi wewe, mwana wa mwizi! Umeyanywa maji ya marehemu tangu siku ya mazishi yake, ukala na ubwabwa wa matanga yake! Utayatapika barazani, tone moja moja, nikiwa hai au kaburini!"

Kadeghe aliacha viatu vyake akateremka upande wa pili. Watu walicheka huku bado wana machozi, na kijana mmoja nyuma akasema, "Mama Elieskia amerudi." Nakijwa mwenyewe aligeuza lango, akayatazama maji yakishika njia ya shamba lake, kisha miguu ikamwisha nguvu. Tulimwegemeza kwenye ukingo wa ndiva. Jasho lilikuwa linamtoka kwa maumivu.

Nilipiga magoti. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nasikia yote," alisema. "Nilimwona mume wangu akishushwa. Nikawa nakwenda kumlilia, nafika mlangoni, mtu ananishika mkono ananirudisha kitini. Kwa adabu kabisa! Kila siku mlangoni, kila siku kitini." Akavuta pumzi. "Hakuna aliyewahi kunionea kwa upole namna ile."

"Sasa swali ni lako. Nikimwamsha, utaishi muda mrefu zaidi na maumivu yatapungua, lakini atakurudisha kitini. Nikimwacha alale, anatolewa, na hatarudi tena. Vidonge vya zamani bado vipo. Havina nguvu kama yeye. Vitakupa joto la usiku na vidole vitakakamaa. Huenda usiwe na misimu mingi."

Elieskia alifumba macho. Alikuwa ameupata ushindi wake, na sasa aliona bei.

Nakijwa alifikiri kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwahi. "Kidonge hicho," alisema, "ninaweza kukitema?"

"Unaweza."

"Basi nipe hicho."

"Wengi hukitema, mama. Nimewazika."

"Mimi nitakinywa. Nina kesi ya Kadeghe, siwezi kufa kijingajinga." Alicheka, ikamuuma, akashika mbavu. "Nitakinywa kwa sababu naweza kukikataa. Huyu mpangaji wenu hakuniacha hata nimkubali."

Elieskia aliweka uso wake kwenye mkono wa mama yake. Nilihisi furaha na huzuni vikinipanda pamoja, na juu yake kitu cha tatu, kikubwa, kilichotaka kunitoka mdomoni. Ubaridi ukaja. Nikakunja blanketi nililokuwa nimembebea, nikalikunja vizuri, pembe kwa pembe.

"Na wewe?" Nakijwa aliniuliza. Alikuwa ananitazama kama atazamavyo mtu aliyeketi kwenye kiti kile kile. "Binti wa watu, umeamkaje?"

"Salama, mama."

Akangoja. Maji yalikuwa yakipita mferejini.

"Ila?" alisema.

Niliitafuta. Nilijua ipo mahali. Nilifikiria wanawake wote waliotawanyika kwenye milima ile, wakijibu nzuri kila alfajiri, na Dakta akijua tangu masika. Nilifikiria msiba wa mama yangu mwaka jana. Nilikumbuka sufuria za chai, nilikumbuka nimehesabu viti vya kukodi na kuvirudisha vyote. Nilikumbuka watu wakinisifu. Nilijaribu kukumbuka uso wa mama yangu kabla hawajaufunika, na hapo shingo yangu ikapoa, na asubuhi ikawa nzuri, tulivu, haina kasoro.

"Hakuna ila," nilisema. "Niko salama."

Elieskia alikuwa ameshauinua mkoba wangu. "Dada, ulituambia. Siku mbili tu. Utalala hapa, tutakuuguza."

Nilikumbuka nimesema hivyo. Nilikumbuka maneno yenyewe, lakini sikuona tena yalihusu nini. Nilimshika mkono nikauondoa kwenye mkoba, taratibu, bila ugomvi, nikafunga zipu. Nilimshukuru kwa ukarimu wake. Nilimweleza kwamba hitilafu ilikuwa ya mama yake peke yake, kwamba mimi sina tatizo, kwamba nina kazi kesho. Nakijwa alinyoosha mkono kutaka kunishika, nyonga zikamkatalia, akabaki na mkono wake hewani. Nilipoondoka Elieskia alikuwa ameanza kulia, kilio kile kile cha jana alipokuwa amemshika mama yake magoti, na sikuelewa ni nini tena kinachomliza wakati kesi ameshinda.

Nilishuka Same na mfuko wa tangawizi walioufunga nyuma ya pikipiki. Macho yalinitoka machozi njia nzima. Ilibidi nisimame mara kadhaa nijifute. Vumbi la barabara hii, nikajisemea. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na magurudumu yalikuwa yamejaa matope.

Jioni Dakta Ngimbudzi alipiga simu, akaniuliza habari za Mamba.

"Nzuri," nilimwambia.

Alikaa kimya kwenye simu, kama anayengoja nimalizie. Sikuwa na la kumalizia. Nikamtakia usiku mwema.